Sauti Yangu Ndani ya Mizani ya Bi Zuhura

Ujumbe wa rafiki yangu Thuwaiba ulinikuta nikianika nguo. Ulikuwa na maneno mawili tu, Bibi katutoka, na anayemjua Thuwaiba ataelewa uzito wake, kwa sababu yeye hata akiomba chumvi hutoa hotuba. Nilivaa gauni refu, nikachukua mtandio wa mama, nikakatisha Mnazi Mmoja kwa miguu, nikaingia Mchafukoge na kupanda zile ngazi zenye giza za nyumbani kwao mpaka ghorofa ya tatu. Sebule ilikuwa imejaa wanawake waliokaa kwenye mikeka, udi unafuka, kisomo kinaendelea kwa sauti ya chini. Nikajibana karibu na mlango wa chumba cha nyuma, mahali ambapo mtu mwenye aibu anaweza kukaa bila kuulizwa yeye ni nani. Mama mmoja mbele yangu akamuuliza mwenzake ni Zuhura yupi huyu, maana kina Zuhura mjini ni wengi. Mwenzake akajibu, "Zuhura wa Kariakoo, yule wa mizani inayoamkia watu." Wakatabasamu wote wawili huku wakifuta machozi. Nami nikainamisha kichwa. Sauti inayoamkia watu ni yangu, na hata siku ile sikuweza kufungua mdomo nikasema hivyo.

Nina miaka ishirini sasa, na tangu kidato cha kwanza nimezoea kuandika kuliko kuongea, kwa hiyo naandika. Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilipomaliza kidato cha nne na kusubiri kwenda cha tano. Wenzangu walisubiri kwa kulala, wengine kwa kushona, wengine walipelekwa Moshi kwa bibi zao. Mimi nilisubiri kwenye chumba kile cha nyuma nilichokuja kuegemea mlango wake siku ya msiba. Kilikuwa stoo ya jikoni zamani, kisha Ami Seif, baba mdogo wa Thuwaiba, akakigeuza karakana yake ya kutengeneza mizani na mashine za dukani. Harufu ya risasi ya kulehemu ilichanganyika na ya bizari iliyokuwa ikikaangwa upande wa pili wa ukuta, na mpaka leo nikisikia bizari inaungua kidogo, vidole vyangu vinatafuta kibodi. Dirisha lilitazama mtaa wa wauza sufuria. Mchana kutwa walizigonga kuonyesha ubora, na Ami Seif alikuwa amezoea kiasi kwamba wakinyamaza alikwenda dirishani kuangalia kama kuna msako wa mgambo.

Thuwaiba ndiye aliyenileta. Tulikuwa dawati moja tangu kidato cha kwanza, yeye akiongea kwa niaba ya wote wawili. Siku ya kwanza alinitambulisha kwa Bibi yake kwa maelezo marefu, kwamba naitwa Anneth, ni Mchaga, nyumbani tuna duka la jumla Kariakoo, na darasa la kompyuta nilikuwa wa kwanza. Bibi alikuwa kitandani ameketi, kilemba cha khanga kichwani, macho yake yakitazama mahali palipo juu kidogo ya bega langu. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akangoja. Sikuongeza neno. "Wachaga wote niliofanya nao biashara walikuwa na maneno," akasema. "Huyu mmemtoa wapi?" Tangu siku hiyo akaniita Mchaga wangu.

Presha ya macho ilikuwa imemalizia kazi yake mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo Bi Zuhura aliuza iliki, karafuu, mdalasini na korosho kwenye fremu ile moja ya duka tangu watoto wake wakiwa wadogo, na hata alipobaki na mwanga kidogo tu alikuwa akisogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa kioo cha mizani. Mwanga ule ulipozimika, mtoto wake wa kwanza, ambaye Thuwaiba alimwita Baba Mkubwa, nami nikamwita hivyohivyo, aliamua mama yake akae juu apumzike na fremu ipangishwe. Hakuwa mtu mbaya. Nilimsikia sebuleni akimweleza mdogo wake, Ami Seif, kwamba ameota mkokoteni umemgonga mama. Nilimsikia pia Bibi akijibu kutoka chumbani, maana ukuta ule haukuficha kitu, kwamba yeye hauzi kwa macho bali kwa mikono, pua na masikio, na kilichokosekana ni mizani ya kumwambia namba. Wakabishana chakula chote cha mchana. Mwishowe wakaafikiana hivi: Ami Seif atengeneze mizani inayotamka uzito kabla ya Ramadhani, Bibi auze nayo mbele ya wateja, na mizani ikikosea mara moja tu, Bibi atapanda juu bila neno na fremu itapata mpangaji. Bibi alikubali huku akiparuza ukoko wa pilau. Nilikuwa mezani pale, kijiko mkononi, na nilihisi kama nimesikia hukumu ya kesi isiyonihusu. Sikujua itanihusu kiasi gani.

Mizani yenyewe ilikuwa na muhuri wa watu wa vipimo, na hatukuigusa. Tulichotengeneza ni kisanduku cha pembeni, kilichosoma gramu kupitia waya na kuzitamka. Ndani yake kulikuwa na bodi ndogo yenye programu iliyoandikwa kwa lugha ya C. Ami Seif aliandika sehemu ya kugeuza gramu kuwa maneno, kisha Thuwaiba na mimi akatukabidhi programu za majaribio. Kazi ya majaribio hayo ilikuwa kuihoji programu ya Ami Seif bila huruma: gramu mia tano utatamkaje, kilo moja na nusu je, na kama sahani ni tupu je, halafu kusema sawa au si sawa. Kwenye laptopu majaribio yetu yalipita siku ileile. Thuwaiba akacheza kidogo. Ami Seif akasema tusicheze bado, tuyapeleke kwenye bodi.

Bodi zenyewe hazikuwa ndugu. Kariakoo ukinunua bodi leo, mwezi ujao ukirudi kwa muuzaji yuleyule atakuambia zile zimeisha, chukua hizi, ni zilezile tu dada, na ukifika nyumbani unakuta si zilezile hata kidogo. Ami Seif alikuwa ameumia hivyo mara nyingi, kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja: majaribio yaleyale, bila kubadilisha mstari, lazima yapite kwenye laptopu na kwenye kila bodi iliyoko mezani, ili bodi ya Bibi ikifa asubuhi apate nyingine jioni. Mezani zilikuwa tatu, mojawapo imechomolewa kwenye mashine ya risiti iliyokufa. Tulipoigeuza programu yetu kwa ajili ya bodi ya kwanza, kompyuta ilitema makosa ukurasa mzima. Printf haijulikani. Strlen haijulikani. Nikadhani nimeandika vibaya. Ami Seif akachungulia huku akitafuna kashata, akasema, "Hujakosea. Hii bodi haina maktaba."

Ndipo nilipojua kitu ambacho mwalimu wetu hakuwahi kukitaja. Ukiandika C kwenye laptopu, unaandika printf na maneno yanatokea kwenye kioo, nawe hujiulizi nani kayapeleka pale. Unaandika strlen na unaambiwa neno lina herufi ngapi. Nilidhani vitu hivyo ni sehemu ya lugha, kama vile irabu zilivyo sehemu ya Kiswahili. Kumbe kila kimoja ni programu ndogo iliyoandikwa na mtu, ikawekwa kwenye maktaba ili wengine tuichukue. Bodi ndogo haina nafasi ya maktaba hiyo, au ina nusu yake, au aliyeitengeneza hakuona haja. Ukitaka kuhesabu herufi kwenye bodi ya namna hiyo, andika mwenyewe jinsi ya kuhesabu.

Basi nikaandika. Anza mwanzo wa neno, songa herufi moja mbele, uliza kama umefika sifuri ya mwishoni, kama bado songa tena, ukifika simama useme umepita ngapi. Mistari michache. Niliiangalia muda mrefu chai ikipoa. Siwezi kuieleza hali ile bila kuonekana nachekesha, lakini ilikuwa kama mtu aliyeletewa chakula sebuleni maisha yake yote, halafu siku moja akafungua mlango asiokuwa na habari nao, akakuta jiko, moto unawaka, na watu wamesimama humo tangu kabla hajazaliwa. Mtu fulani, sijui wapi, alikaa siku moja akahesabu herufi kwa ajili yangu. Mwingine alikaa akalinganisha maneno mawili. Nikaandika na ya kulinganisha, na ya kunakili, na Thuwaiba akaandika ya kugeuza tarakimu kuwa maandishi, akiimba. Kila moja ilipofanya kazi nilitaka kumwambia mtu, na kwa kuwa sikuzoea, nilikwenda jikoni nikamsaidia dada wa kazi kumenya vitunguu.

Tatizo la pili lilikuwa la kupata majibu. Laptopu ina kioo. Bodi ya kwanza na ya pili zilikuwa na waya wa kutuma herufi, na ile ya mashine ya risiti haikuwa na chochote isipokuwa taa mbili. Ami Seif akatufundisha kuandika faili dogo moja kwa kila bodi, linalojua jambo moja tu: bodi hii hutoaje jibu nje. Kwa laptopu, andika kwenye kioo. Kwa zile zenye waya, tuma. Kwa ile maskini, washa kijani kwa sawa, nyekundu kwa si sawa. Majaribio yenyewe yasijue yako wapi. Yaseme tu, na faili dogo lipeleke. Nakumbuka tulipoyawasha kwa pamoja, laptopu na bodi zote tatu, majaribio yaleyale, na jibu likatoka kwa maandishi hapa, kwa waya pale, kwa taa ya kijani kule. Vitu visivyofahamiana vilikubaliana. Ami Seif aliacha kutafuna. "Mnaona," akasema taratibu.

Sauti ilichaguliwa na Bibi. Ya Thuwaiba alisema itamaliza betri, ya Ami Seif itawatisha wateja. "Mwekeni asiyepoteza maneno." Nikaingizwa kwenye kabati lake la nguo ili kelele za sufuria zisinifikie, mabaibui yake yakinigusa mashavu, simu ya kurekodia mkononi. Nilitakiwa kutamka sifuri mpaka tisa, na kilo, na nukta, na kamili. Haikutoka. Sikuwahi kuanza kuongea na mtu mzima bila kuamkia, na kwenye kichwa changu wote watakaosikia walikuwa watu wazima. Mwishowe nikasema shikamoo, koo likafunguka, namba zikafuata. Ami Seif aliposikiliza alicheka mpaka akakaa chini, na shikamoo ile hakuifuta. Aliiweka mwanzo, mizani ikiwashwa.

Siku ya kupimwa kwetu ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya mwezi kuandama. Bibi aliteremka amevaa baibui lililopigwa pasi, fimbo mkono mmoja, bega la Thuwaiba mkono mwingine, na mtaa mzima ukamsalimia kwa jina. Fremu ilikuwa nyembamba, magunia pande zote, kioo cha mizani kikitazama ndani kwa muuzaji. Baba Mkubwa alikaa nyuma kwenye stuli, mimi nilisimama kando yake. Ami Seif akawasha. Mizani ikasema shikamoo kwa sauti yangu, na mpagazi aliyekuwa akipita na furushi kichwani akaitika marahaba bila kugeuka. Watu wakacheka. Muuza mifuko wa jirani akauliza kama mizani hiyo imeposwa. Wateja wakaja, wengine kununua, wengine kusikiliza tu. Kilo moja ya karafuu, ikatamka moja kamili. Nusu kilo ya mdalasini, ikatamka sifuri, nukta, tano, sifuri, sifuri. Bibi alikuwa akichota kwa kibaba, akimimina, akisikiliza kichwa kimeinama upande, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Kila mteja aliyesogea nilikisoma kioo kimoyomoyo kuilinganisha namba yake na sauti.

Kisha akaja Mama Shabani wa Tandika, anayefunga viungo vya pilau kwenye vifuko vidogo, mteja wa Bibi wa miaka yote. Alitaka iliki kilo mbili. Bibi akamimina, mizani ikatamka mbili kamili, na Bibi, kama alivyofanya tangu aanze kuuza, akatupia nyongeza ya kiganja juu ya sahani. Ni mazoea yake, hakuna mteja wake aliyeondoka bila nyongeza. Mizani ikatamka tena kwa sauti yangu tulivu: kilo mbili, nukta, tano, sifuri. Bibi akashtuka. "Leo mkono wangu mzito," akasema, na akaanza kuichota iliki kuirudisha guniani.

Niliangalia kioo. Kilikuwa kimeandika 2.050. Kilo mbili na gramu hamsini, ile nyongeza tu. Kisanduku chetu kilikuwa kimeimeza sifuri ya katikati na kuifanya mbili na nusu. Bibi alichota tena, kisanduku kikingoja sahani itulie ndipo kitamke, kioo kikashuka chini ya mbili, na Mama Shabani, ambaye kioo hakumwelekea, alikuwa akifungua pochi yake huku akiongea habari za mwanawe. Ami Seif alikuwa nje na jirani. Thuwaiba alikuwa mlangoni akijibu salamu. Nikielewa vizuri kwamba neno langu moja litamfungia Bibi duka, na kwamba nikinyamaza atakuwa amempunja mtu kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kujua, nilifungua mdomo.

"Bibi, usitoe. Mizani imekosea."

Mkono wake ulisimama hewani. Sauti ileile iliyokuwa imetamka namba ilikuwa imejikanusha mbele ya watu, na wote walisikia kwamba ni moja. Bibi akaniuliza kioo kinasemaje, nikamwambia. Akairudisha iliki kidogokidogo huku mimi nikimsomea, mpaka mbili, akaongeza nyongeza yake, akamfungia Mama Shabani na kumwomba radhi. Kisha akapapasa swichi, akaizima mizani mwenyewe. Baba Mkubwa hakusema, "Nilikuambia." Alimpa mama yake fimbo tu, na wakapanda.

Ramadhani ile ilikuwa ya ukimya nyumbani kwao. Fremu ilifungwa, na Baba Mkubwa akaanza kuzungumza na wapangaji kwenye simu, akiwa ngazini ili mama yake asisikie, ingawa alisikia. Thuwaiba alinikasirikia. Aliniambia ningemnong'oneza yeye kwanza, angebuni kitu, angepiga chafya, angemwaga gunia. Nilijua ni kweli angeweza, na nilijua pia kwamba nisingeweza kusubiri. Tukakaa siku kadhaa kwenye karakana ileile bila kuongea, jambo ambalo kwangu lilikuwa la kawaida na kwake lilikuwa mateso. Jioni moja nilipotaka kuondoka kabla ya futari, Bibi aliniita nikae naye mkekani, akanisogezea bakuli la tambi na kaimati. Akasema, "Siku ile nilikusikia mara mbili, Mchaga wangu. Mara moja ndani ya mizani, mara moja wewe mwenyewe. Ya ndani ya mizani ilikosea, wewe hukukosea." Thuwaiba, aliyekuwa akimimina uji, akanijazia kikombe mpaka kikamwagika, na hasira zikaishia hapo.

Kilichotusumbua ni taa za kijani. Majaribio yalikuwa yamepita kila mahali, kwa nini basi mizani ilikosea dukani? Mchana mmoja wa mfungo, Ami Seif amelala chali sakafuni, sisi tumeinamia laptopu, tuliongeza jaribio la gramu elfu mbili na hamsini, kwa kuwa siku zote tulikuwa tumejaribu namba za kupendeza, nusu na robo, na hakuna aliyefikiria nyongeza. Tukaliwasha. Likapita. Laptopu sawa, bodi zote sawa, taa ya kijani ile ikitutazama. Thuwaiba akasema bodi zina jini. Mimi nikafanya kitu cha polepole, ndio tabia yangu: nikalisoma jaribio letu mstari kwa mstari kama nimelikuta barabarani. Na nikaona. Ili kupata jibu sahihi la kulinganisha, jaribio lilikuwa likiiomba fanksheni, ile programu ndogo ya kugeuza tarakimu kuwa maandishi. Na programu inayotamka ilikuwa ikiiomba fanksheni hiyohiyo. Kwenye laptopu wote wawili walipata printf ya maktaba, inayojua kulinda sifuri ya katikati. Kwenye bodi wote wawili walipata ya kwetu, ambayo haikujua. Kila upande ulikuwa ukikubaliana na mwenzake, sawa kwa sawa, kosa kwa kosa.

"Ami," nikasema, "tumemfanya mshitakiwa kuwa shahidi." Ami Seif akaketi. Akasoma, akashika kichwa, akasema tulikuwa na hamu sana ya kuyafanya majaribio yaende kila mahali mpaka tukasahau kuyaacha yajue jambo moja kwa uhakika. Jibu sahihi lisihesabiwe na bodi. Liandikwe na mtu, kwa mkono, herufi kwa herufi: mbili, nukta, sifuri, tano, sifuri. Nikaliandika hivyo. Tukawasha. Laptopu ikasema sawa, na kwenye bodi ya mashine ya risiti ikawaka taa nyekundu, mara ya kwanza tangu tuichomoe. Sijui kama nitawahi kuona tena nyekundu nzuri kama ile. Tulikuwa watatu tumeinamia kitaa kidogo kuliko punje ya mtama, na kilikuwa kinatuambia ukweli.

Furaha ilipoanza ilikuwa na kelele, na Bibi akapapasa ukuta mpaka mlangoni kutaka kujua kuna nini. Thuwaiba akamweleza kwa kirefu. Bibi akasikiliza, kisha akauliza, "Na hayo majaribio yenu yanakaa wapi?"

"Hapa mezani, Bibi."

"Na mimi nauzia wapi?"

Bibi akatuambia kwamba enzi za mizani ya mawe, kila asubuhi alikuwa akiyapambanisha mawe yake, moja kila sahani, mbele ya mteja wa kwanza, hata kama mteja huyo ni mtoto aliyetumwa, kisha ndipo auze. Mizani isiyojikagua mbele ya watu hakuitaka. Akarudi kitandani. Ami Seif akatutazama. Kisanduku hakikuwa na kioo, wala waya wa kutuma, wala taa. Kilikuwa na spika na sauti yangu. Na hapo nikaelewa kwa nini tulikuwa tumehangaika na yale mafaili madogo, kwa sababu hatukuhitaji kugusa jaribio hata moja. Tuliandika faili moja jipya la kutoa jibu nje, na njia yake ya nje ilikuwa mimi. Tulirekebisha sifuri ya katikati, nikarudi kabatini nikarekodi "najikagua", na "sawa", na "uza", na "nimekosea, usinitumie". Hilo la mwisho nililirudia mara nyingi, kwa kuwa Ami Seif alitaka lisikike bila aibu, nami sikujua kusema neno lolote bila aibu.

Baada ya Idd, Bibi alivaa baibui lake na kukaa sebuleni akimsubiri Baba Mkubwa. Alipoingia akamwambia anateremka. Baba Mkubwa akamkumbusha kwa upole kwamba walikubaliana, kosa moja. Nilikuwa jikoni nikiosha vikombe, nikafunga bomba ili nisikie.

"Nilisema nitapanda juu bila neno," Bibi akasema. "Nimepanda. Umesikia neno? Sasa nateremka."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa Baba Mkubwa, kicheko, kwanza cha puani halafu chote. Akauliza vipi mizani ikikosea tena. Bibi akasema itasema yenyewe. Baba Mkubwa akachukua funguo za fremu mfukoni mwake, na akatangulia ngazini ili amshike mkono kwenye kona yenye giza.

Nimehitimu vitu viwili vitatu tangu mwaka ule, na nimeona kompyuta kubwa kuliko chumba cha Ami Seif, lakini sijasimama mahali nikapigwa na bumbuwazi kama asubuhi ile mlangoni pa fremu, wauza mifuko wakipanga bidhaa, lami ingali na maji ya kufagilia. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Shabani, sijui ni kwa bahati au Thuwaiba alimpigia. Bibi akabonyeza swichi. Sauti yangu ikasema najikagua, na ndani ya kile kisanduku, bila maktaba, bila kioo, vile vitu vidogo tulivyoandika kwa mikono yetu vikaanza kuhojiana, na baada ya kila swali nikajisikia nikisema sawa, sawa, sawa, pamoja na ile ya elfu mbili na hamsini, kwa uhakika ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuwa nao. Muuza mifuko akaacha kazi. Mpagazi akatua mzigo. Bibi akaweka jiwe la kilo kwenye sahani, na sauti ikasema kilo moja kamili, sawa, uza. Akaondoa jiwe, akavuta gunia karibu na goti lake, akamuuliza Mama Shabani ampimie nini.

Mama Shabani aliangalia mizani, akaniangalia mimi, akafungua mdomo, akasema amesahau kabisa alichofuata.

"Basi kaa ukumbuke," Bibi akamwambia, akipapasa nyuma yake kutafuta stuli ya kumpa. "Mimi siendi popote."